Maji ya Baraka Kwenye Chupa ya Maabara

Nilimaliza dozi ya kifua kikuu na bado nikawa nakohoa. Kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya mizigo ya malori forodhani Rusumo, na sijawahi kuvuta sigara, kwa hiyo nilipoambiwa kuna uvimbe kwenye pafu nilikasirika kabla ya kuogopa. Madaktari bingwa walipopita wilayani, mmoja alinichoma sindano ubavuni akatoa kinyama kidogo kama punje ya mchele. Alisema huenda ni uvimbe wa aina adimu. Maabara ya Mwanza ingepima nyama hiyo, kisha jeni zake, na jeni ndizo zingeonyesha kama kuna vidonge vya kunifaa. Bila jibu hilo, matibabu yangekuwa ya kubahatisha.

Kwetu chupa yenye nyama ya kipimo hupelekwa maabara na ndugu wa mgonjwa. Mimi nilikuwa nimelazwa, ikapelekwa na mama, mjane wa kijijini Mugoma asiyekosa misa. Alirudi amechangamka.

"Ile dawa ya kwenye chupa ilinuka mochwari, mwanangu," aliniambia huku akininyooshea shuka. "Si ndiyo wanayowawekea maiti? Nikapitia nyumbani, nikaimwaga. Nikakitoa kile kinyama chako, nikakuosha vizuri, nikakuweka kwenye maji ya baraka."

Nilitaka kupiga kelele; dawa ile ndiyo iliyozuia nyama isioze. Nilipomtazama usoni nikashindwa, nikamwambia asante. Namba ya maabara ilikuwa kwenye fomu, ningeweza kupiga simu, lakini ningeanzia wapi? Wiki tatu nilikaa nyumbani nikijidanganya kwamba labda nyama ilivumilia. Wageni walikuja kunipa pole, mama akawasimulia alivyonisafirisha, nao wakamsifu, na mimi nimebanwa pale kwenye kiti siwezi kuondoka wala kusema. Nilimchukia kidogo. Nikajichukia zaidi.

Tukaitwa Mwanza. Daktari, binti wa umri wa mdogo wangu, hakuwa na maneno laini. Nyama ilifika imeoza, ikielea kwenye maji matupu. Saratani wameiona, lakini aina yake hawawezi kuithibitisha na jeni hazisomeki. Itabidi nichomwe tena, na kwa hali ya pafu langu sasa, sindano ya pili ni ya hatari kuliko ya kwanza.

"Nani alimwaga dawa ya kwenye chupa?"

Mama alikuwa ameketi pembeni yangu na rozari yake.

"Mimi," nikasema.

Daktari akanisema sana. Mtu aliyesoma, tena anayeshika nyaraka za watu kila siku, nimeuchezea uhai wangu mwenyewe! Niliitikia kila neno, kisha nikatia sahihi fomu ya kukubali sindano. Mama hakuinua macho.

Kesho yake nilichomwa, nikavuka salama. Muuguzi akaja na chupa mpya kando ya kitanda, na mama akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Hapana, mama," nikasema. "Apeleke muuguzi."

Sikuwa nimewahi kumkatalia kitu mbele ya watu. Alirudisha mikono, akaifuta kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu, akakaa.