Kanda Niliyoipeleka Bomani

Mutiso aliponiambia nibebe redio yangu ya kaseti twende nayo kwa marehemu, nilipaswa kukataa. Badala yake nikacheka, nikasema hiyo ni kazi ndogo, nikanunua na betri sita mpya, zile kubwa, na sijawahi kuaibika mbele za watu kama mchana ule, mimi mzee mzima ninayejulikana Kitengela yote kwa kuwafundisha wengine adabu.

Nilistaafu kiwandani miaka ya tisini, nikajenga Kitengela wakati pundamilia bado wanapita nyuma ya choo, na wiki yangu ilikuwa na ratiba iliyojaa kuliko ya waziri: Jumatatu kuku, Jumatano kwaya (naimba besi, vibaya), Alhamisi chama chetu cha wastaafu, ambapo wenzangu walicheza drafti na mimi nikiwarekodi wakisimulia mambo ya kale, maana redio ile nilizawadiwa siku ya kuagwa kazini na sikuwa na kingine cha kuringia. Jumamosi nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja wa chama, Mmaasai wa upande wa Kajiado. Jina lake sitalitaja. Alipofariki niliendelea kwenda, kwa sababu mama yake, bibi kipofu ambaye boma zima lilimwita Yieyo, yaani mama, alinishika mkono siku ya mazishi akaniambia, "Sasa ni wewe utakuwa unakuja kuketi na mimi." Mama yangu mzazi alikufa nikiwa darasa la pili. Hivyo nikiwa na miaka sitini na tatu, mvi kichwa chote, nikapata mama.

Mwezi mmoja baadaye chama kikapanga kwenda kuwafariji. "Wewe lete hiyo kanda," Mutiso, mwenyekiti wetu, akasema, "wasikie vile alikuwa anatuchekesha."

Boma lile halitaji jina la mtu aliyekufa. Ukilitaja ni kama umemwita. Nilijua hayo vizuri (njiani niliwaonya wenzangu kama mwalimu wa zamu), ndiyo maana jana yake nilikuwa nimeitafuta ile hadithi yake ya mbuni aliyemkimbiza mwalimu, ambayo haina jina la mtu, nikaisimamisha kanda hapo hapo. Halafu, kabla ya kulala, mkono wangu wa mazoea ukairudisha mwanzo. Na mwanzoni, kwa sababu nilipenda kujifanya mtangazaji, kila mzee alikuwa ametaja jina lake.

Basi tukaketi, watu kama arobaini, chai mkononi, Yieyo mbele kabisa kwenye kigoda. Nikasimama, nikakohoa, nikabonyeza.

Marehemu akasema jina lake. Majina yote matatu, kwa sauti ile nzito, betri mpya.

Kikombe kikaanguka. Wanawake wakafunika midomo.

"Mzee, zima hiyo kitu!" Lemayian, kijana mkubwa wa marehemu, akapiga kelele. "Zima!"

Nikabonyeza kwa pupa, kumbe ni kitufe cha kurudisha nyuma, kanda ikalia kama paka, nikabonyeza kingine, na marehemu akataja jina lake mara ya pili.

"Toa betri, wewe!" Mutiso naye.

Nikaikumbatia redio tumboni kama mwizi wa kuku, nikihangaika na kifuniko, na humo ndani yule bwana akaendelea kuongea kwa Kimaasai, maneno ambayo nakuapia sikumbuki kumrekodi akiyasema: "Yieyo, takwenya. Nimechelewa, lakini nimefika."

Ndipo kifuniko kikang'oka, betri zikabingirika hadi kwa mbuzi, na sauti ikakatika.

"Iko," Yieyo akaitikia salamu, taratibu, kama mama anavyomwitikia mwanawe. Akainuka. "Mfungulieni. Amesimama langoni."

Tuligeuka sote. Hakukuwa na mtu. Ila mbwa wa marehemu, ambaye tangu mazishi alikuwa amelala tu, alikuwa ameketi langoni akitikisa mkia, na hakuwa anaangalia barabara. Alikuwa ameinua kichwa, kama mbwa anavyomwangalia mtu usoni.

Mutiso akaanza kuomba, akasahau maneno. Hakuna aliyetucheka. Ningeshukuru wangetucheka.

Lemayian alinisindikiza hadi barabarani, amebeba redio yangu kwa vidole viwili. "Mzee, tunajua wewe si mbaya," akasema. "Lakini umemwita, na sasa nyanya amekataa kuingia nyumba. Anasema atakula na kijana yake. Tafadhali, usirudi hapa."

Nikamwambia nilidhani nimeiweka vizuri. Akasema, "Ndiyo, mzee," bila kunitazama.

Sijamrekodi mtu tena, wala sisimami mbele ya watu na chombo chochote. Mtu akiniambia jambo ni dogo, kwanza nauliza ni dogo kwa nani.

Yieyo hakupata nguvu tena. Alifariki kabla ya mvua za mwezi wa nne, na wanasema hadi mwisho alikuwa anauliza ni nani anamzuia mwanawe nje. Mimi nilisikia sokoni, kutoka kwa muuza maziwa, siku tisa baada ya kuzikwa. Kwa kukubali kuibeba redio ile nilimnyima mama mzee utulivu wa siku zake za mwisho, na nikampoteza mama wa pili bila kuruhusiwa kumzika.