Wadudu wa Gogo na Avokado Yangu

Mpaka leo nikipita kwa mti wa avokado ulio nyuma ya jikoni yetu, hapa karibu na Dagoretti Corner, hasira inanipanda. Marehemu mume wangu aliupanda mwaka tuliojenga. Mikima, ile miti mirefu ya mbao, yote ilikatwa watoto walipoweka nyumba za kupangisha, ukabaki huo tu, na gogo moja la mukima chini yake. Gogo hilo nimelikalia nikichambua sukumawiki hadi likaoza.

Jumapili moja kijana wangu mkubwa akabandua gome la gogo, akapata mabuu meupe, manono. Hakuuliza mtu. Mimi nilikuwa kanisani. Narudi, nasikia msumeno wa petroli.

"Mum, ni yule mdudu wa kahawa," akaniambia. "Ametoka kwa gogo, sasa ako kwa avokado. Wacha tuukate kabla utuangukie."

Mdudu wa kahawa! Hawa watoto walikulia kwa shamba la babu yao, wakatuona tukichoma miti ya kahawa kwa sababu ya huyo mdudu, basi kila buu jeupe kwao ni yule yule. Nikamwambia fundi aliyemwita azime hiyo mashine. Nikapiga magoti hapo na nguo zangu za kanisa, nikaweka buu moja kwa kiganja.

"Huyu ana miguu?"

"Ako nayo. Sita."

"Na yule wa kahawa?"

Kijana akainama kulitazama lile buu. Yule wa kahawa miguu huioni. Anatoboa mti ulio hai na kumwaga unga wa mbao chini. Huyu amejikunja, anakula kilichokufa, halafu anakuwa mbawakawa na kwenda zake. Tukazunguka shina lote la avokado. Hakuna tundu, hakuna unga.

"Shosho, mimi niliambiwa tu nikate," fundi akasema, kama anaongea na nyanya yake.

"Na ukiambiwa ukate nyumba?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tawi kubwa la upande wa jikoni lilikuwa tayari chini, na avokado zake changa zimetapakaa kama mawe.

"Pole, Mum. Litaota tena."

Litaota. Kama nywele.

Tawi hilo nilikataa lipasuliwe kuni. Nimelilaza kando ya gogo, lioze polepole. Siku wadudu watakapoingia chini ya gome lake, huyo kijana asiguse kitu kabla sijatoka kanisani.