Kiatu cha Kulia Changu, cha Kushoto cha Kabanga

Wakati wetu, sisi tuliokulia Kikula, mtaa wa Likasi, mtoto aliyejua mpira hakuitwa mchezaji. Aliitwa espoir. Ni neno la Kifaransa, maana yake tumaini, lakini sisi tulilitamka kama cheo, kama mtu anavyosema abbé kwa padri, au direkta. Espoir hakutumwa kuchota maji. Espoir akipita mbele ya mama anayeuza kikanda, ile soseji yetu ya mizizi na karanga, alikatiwa kipande kinene kuliko watoto wengine, na hakuna aliyelalamika. Kila mwaka mvua zilipokatika, Kocha Zozo alichagua espoir watatu, akaandika majina yao kwa chaki kwenye mlango wa jiko lake, na mtaa mzima ulikwenda kusoma, hata wasiojua kusoma.

Kocha Zozo alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Mfupi, anachechemea mguu mmoja, filimbi shingoni hata kanisani. Neno "labda" halikuwahi kutoka kinywani mwake. Alimwonyesha mtoto kwa kidole akasema, "Huyu atafika. Njo minasema miye." Yaani, ndivyo nisemavyo mimi, basi, yamekwisha. Hata baba wa mtoto alianza kumtazama mwanawe kwa heshima.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, jina la kwanza mlangoni lilikuwa langu. Mbuyi.

Anayewajua watu wa Kasai ameshaelewa kwamba nina mwenzangu. Kwetu, mapasa, yaani mapacha, wakizaliwa, wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, na mama yao hapo hapo anapoteza jina lake la zamani, anakuwa Mwambuyi mpaka kaburini. Babu yetu aliletwa huku kuchimba shaba, akaacha mambo mengi njiani, lakini sheria za mapasa alifika nazo zote. Unachompa mmoja, mpe na mwingine. Ukimnunulia mmoja shati, nunua mawili. Ukimpiga mmoja kofi, ee ndugu yangu, mwingine naye ajiandae. Mama alishika sheria hizo kuliko amri kumi za Mungu, na hizo kumi alizishika sana.

Nikumbuke kwanza uwanja wetu. Ulikuwa udongo mwekundu, na ukidondoka goti linachubuka mpaka linang'aa. Magoli yalikuwa mawe mawili ya kijani, yale ya shaba, mazito, tuliyoyabingirisha wenyewe kutoka njia ya malori. Mpira tuliusuka kwa mifuko ya nailoni na vitambaa, juu tukazungushia lastiki ya gurudumu la zamani, na ukikupiga tumboni unakaa chini ufikirie maisha yako. Tulicheza tangu tukitoka shule mpaka akina mama waanze kuita. Halafu bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na kama ni Jumapili, munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe cha plastiki. Watoto wa leo wana mipira ya dukani, wana jezi zenye majina mgongoni, wananyoa nywele mistari mitatu kabla hawajagusa mpira hata mara moja. Wakikosa goli wanaangalia viatu vyao, kama viatu ndivyo vimepiga.

Lakini niache viatu vya wengine, niseme vyetu.

Kocha Zozo aliniletea viatu vya mpira vya kweli, vyeusi, vyenye meno chini. Alivitoa wapi sijui. Vilikuwa vikubwa, tungejaza matambara mbele. Nilivikumbatia kama mtoto mchanga. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akanyang'anya kimoja, cha kushoto, akampa Kabanga.

Kocha akapiga kelele. "Mwambuyi! Ni viatu ya espoir!"

"Nilizalaka babili," mama akasema, "na biatu biko bibili. Shida iko wapi?"

Akarudi kwenye chungu chake cha sombe, kisamvu. Kwake hapakuwa na shida yoyote, hesabu ilikuwa imetimia.

Basi kwa miaka miwili mizima tulicheza hivyo, mimi na kiatu cha kulia, mguu wa kushoto wazi, na Kabanga kinyume chake. Walitucheka, aka! Walituita gari bovu. Na kwa kuwa mtu hapigi kwa mguu mtupu akiwa na mguu wenye kiatu, kila mmoja wetu alipiga kwa mguu wake. Mimi sikupata hasara, wa kulia ndio ulikuwa wangu tangu tumboni. Kabanga naye alikuwa wa kulia, kama mimi. Ilimbidi ajifunze upya. Alikwenda nyuma ya choo peke yake, akapiga ukuta kwa mguu wa kushoto, pu, pu, pu, mpaka jirani akaja kuuliza kama tunajenga. Hakuwa na chenga yoyote ile. Hakuwa na mbwembwe. Mimi nilikuwa napita watu watatu na kurudi kuwapita tena kwa sababu ya raha tu. Yeye aliupokea mpira, akampa mwenzake, akakimbia kurudi nyuma. Hakuna aliyewahi kufikiria kuandika jina lake mlangoni, hata yeye mwenyewe.

Tulipokuwa na miaka kumi na mitatu, alifika bwana mmoja kutoka Lubumbashi, miwani ya jua, viatu safi. Alikuwa anatafuta watoto wa shule ya mpira, shule ya kweli, ya kulala na kula hapo hapo. Aliniona Jumapili baada ya misa, na jioni ile akaja nyumbani na Kocha Zozo. Nilikaa kwenye kizingiti. Maisha yangu yote yalikuwa pale kwenye benchi, kati ya watu wazima wanne.

"Mama, nafasi iko moja tu," bwana akasema. "Kitanda kimoja."

"Kama kitanda iko moja," mama akajibu, "mumoja ataweka kichwa huku, mwingine ataweka kule."

Baba akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa Kasai, yeye pia, lakini alikuwa mtu wa kiwanda, na alimwonea haya mgeni. Kocha Zozo akasimama. "Mwambuyi, unauwa mutoto! Huyu iko espoir!"

"Na ule mwingine iko nini? Mbuzi?"

Mgeni akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Alipokuwa anatoka akamkuta Kabanga uani. Nadhani ni kwa adabu tu, akamwambia apige mpira kidogo. Kabanga akapiga ukuta mara nne au tano. Bwana akavua miwani. Akapanda gari, akaenda zake.

Nilimchukia mama yangu. Naliandika bila kulipamba. Majuma mawili sikumwambia neno ila ndiyo na hapana, na nilikula bukari yangu nimegeukia ukuta. Halafu siku moja Kocha Zozo akaja anakimbia na mguu wake ule, filimbi inarukaruka kifuani. Wametuchukua wote wawili! Nilijua kwa nini: wamembeba Kabanga ili wanipate mimi. Kocha alijua hivyo hivyo. Kabanga naye alijua, na njia nzima ya kwenda Lubumbashi alibeba mizigo yote miwili kwa shukrani.

Sasa nifike mahali ambapo mpaka leo nikipafikiria nywele zinanisimama. Siku ya kwanza katika shule ile niliingia uwanjani nikakuta watoto wa Kolwezi, wa Kipushi, wa Kamina, wa Bukama. Kila mmoja alikuwa espoir. Kila mmoja kwao alikuwa na mtaa uliolala ukisema jina lake. Palikuwa na mtoto wa Bukama aliyeweza kuuweka mpira shingoni, akavua shati, akalivaa tena, mpira bado uko pale. Nilisimama mdomo wazi. Mama yangu! Sikujua kama Mungu ameumba wengi hivyo. Nilikuwa nimedhani amemuumba mmoja, akampeleka Kikula.

Na yule wa Bukama hakufika. Wala wa Kamina, wala wengine. Mmoja aliumia goti, mmoja alirefuka ghafla, miguu ikashindwa kumtii, mmoja alimkumbuka mama yake akapanda treni. Mimi sikuumia. Sikulewa, sikukosa mazoezi. Nilicheza vizuri miaka minne, na wengine nao wakacheza vizuri, ndivyo ilivyokuwa. Siku moja mwalimu akaniita chini ya jukwaa akasema kwa upole, "Mbuyi, weye utarudia kwenu, ku masomo." Kabanga akabaki. Wapigaji wa kulia walijaa kama mchanga. Wa kushoto, tena anayekimbia kurudi nyuma bila kuambiwa, alikuwa mmoja.

Nilirudi Likasi na mfuko mmoja. Kocha Zozo alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Bamekosea majina. Njo mapasa. Balibakisha Mbuyi, balirudisha weye Kabanga."

"Kocha, mimi ndiye Mbuyi."

"Unafikiria weye njo Mbuyi," akasema, akanihurumia kweli.

Hakubadilika mpaka alipokufa, apumzike kwa amani. Kabanga alipoingia timu kubwa, Kocha alitangaza mtaani kwamba Mbuyi ameingia. Kabanga alipokwenda Ulaya, nchi ya baridi, akacheza kwenye ligi ya kwanza ya kule, Kocha alijua ni Mbuyi amekwenda. Mpaka leo kuna wazee Kikula wananisalimia, "Kabanga, hujambo? Na yaya yako wa Ulaya?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Nawaambia hajambo.

Siku ya mechi yake ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Kina mama wote wa parokia walijaa nyumbani kwetu. Mama alijifunika kitenge usoni, akawa anauliza, "Amedondoka? Amedondoka?" Nikaona mtu mwenye uso wangu anatembea katikati ya watu elfu kwa elfu, anapokea mpira, anampa mwenzake, anakimbia kurudi nyuma. Nilingoja wivu uje. Ulikuja kidogo, nisiwadanganye. Lakini kilichonijaa ni mshangao. Kati ya wote wale! Mlango ule wa Kocha ulibeba majina matatu matatu kila mwaka, tangu sijazaliwa. Nawajua karibu wote. Mmoja ni mlinzi wa gereza Buluo, mmoja anachimba Kambove, mmoja ni mchungaji mwenye sauti nzuri, mimi ni karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Hakuna hata mmoja aliyefika. Aliyefika ni yule ambaye hakuandikwa.

Kiangazi kilichopita Kabanga alikuja nyumbani. Ameacha kucheza sasa, ana kitambi cha heshima. Tulikwenda kukaa kando ya uwanja, na nikamwuliza jambo lililonikaa kooni miaka yote hii. Je, Kocha alinidanganya? Nilikuwa kweli, au nilikuwa tu mtoto wa Kikula?

Alichora chini na kijiti.

"Yaya," akasema, "kule nilionaka benye kujua mupira kama weye. Bengi. Bote balirudishwa."

Machozi yalinitoka, mwanaume mzima, na sikuyafuta. Hakuna mtu amewahi kunipa jibu zuri kama hilo.

Siku hizi kila Jumamosi nafundisha watoto pale pale, kwa sababu nina uso wa mtu aliyefika, na wazazi wanauamini uso. Wana simu, wanarekodi kila mkwaju, wanakuja kuniuliza, "Papa Mbuyi, huyu atafika?" Nami nasema ukweli: sijui. Wananiona mchoyo. Zamani tulikuwa na mtu aliyejua, akakosea maisha yake yote, na sisi tulilala vizuri.

Juzi mama mmoja aliniletea binti yake. Mguu! Ubishi! Anaupitisha mpira mahali ambapo hapana nafasi. Mama akauliza swali lile. Nikajibu jibu langu, mbele ya mtoto. Binti akanitazama kidogo, akasema "merci, papa," akaondoka mpira kwapani. Ana miaka kumi na mmoja. Kwa umri huo mimi nilikuwa nimeshaambiwa uongo mtamu kuliko wote niliowahi kuambiwa, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilijiuliza kama nimemtendea wema.