Ugonjwa Tuliohama Nao

Naitwa Shija. Kwa sisi Wasukuma jina hilo anapewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe, Kulwa na Doto, sikuwaona. Walikufa kabla sijazaliwa, huko tulikotoka upande wa Shinyanga. Doto alitangulia, Kulwa akafuata kabla mvua hazijaisha. Baba akasema ardhi ile ni mbaya, akahamisha ng'ombe na mama hadi Tabora. Huko nikazaliwa mimi, kisha akazaliwa Maganga. Maganga alikufa akiwa anaanza kutembea, vidole vyake vya mikono na miguu vimevimba na kung'aa. Baba akasema tena kwamba mahali pale hapafai. Tukaswaga ng'ombe hadi Katavi, tukakaa Sibwesa, na hapo akazaliwa mdogo wangu wa kike, Limi.

Nimeanza na habari za kuhama kwa sababu ndiyo dawa tuliyoijua. Watu wengine wakifiwa wanabaki na makaburi yao. Sisi tulikuwa tunayaacha.

Nilimaliza darasa la saba Sibwesa. Sikuwa mtu wa maneno. Mwalimu akiniuliza kitu nilikuwa naangalia dawati mpaka amuulize mwingine. Lakini kulima na ng'ombe niliweza, na ng'ombe niliweza kuongea nao. Mifupa ilikuwa inaniuma tangu utotoni. Baridi ikija, kiuno na mapaja vinauma kama kuna mtu anavichonga kwa ndani. Macho yangu yalikuwa ya njano, na shuleni waliniita Kiini cha Yai. Limi naye alikuwa na macho hayo hayo. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama, alituchemshia mizizi tukanywa. Tukipona siku mbili tatu, tunarudi shambani.

Siku yenyewe ilikuwa ya msimu wa kulima, asubuhi. Niliamka kichwa kinagonga, nikaona ni kawaida. Mimi nilishika plau, Limi alikuwa mbele anawaongoza ng'ombe kwa kamba. Nikaona fimbo imenidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Nilitazama vidole vyangu vya mkono wa kulia. Vilikuwa vyangu lakini havikunisikia. Nikataka kuwaambia ng'ombe wasimame, ikatoka sauti ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni.

Limi aligeuka akacheka. "Kaka, acha kuigiza walevi wa mnadani."

Nilitaka kucheka na mimi. Mate yakanitiririka hadi kifuani. Kisha mguu wa kulia ukaisha nguvu, nikaanguka kwenye mtaro, ng'ombe wakaendelea na plau bila mimi. Mkojo ulinitoka, nikalisikia joto lake upande mmoja tu wa mwili. Limi hakucheka tena. Alininyanyua kichwa kutoka kwenye tope, akanifuta puani kwa mkono wake ili nipumue, akakimbia kumwita baba.

Baba alikuja, akanitazama mdomo uliokwenda upande. Alisema, "Na hii ardhi nayo imeanza."

Aliitwa mganga. Alinichanja chale mkononi na mguuni, akapaka dawa nyeusi. Niliona wembe unapita na damu inatoka, sikusikia maumivu yoyote. Hilo lilinitisha kuliko kuanguka. Mganga akasema kuna kitu kimefukiwa kwenye njia ya ng'ombe, tutafute pengine pa kukaa. Hakupata shida kumshawishi baba. Siku ile ile baba alituma mtu kwenda kuangalia bonde moja la mbali, ambako hata pikipiki haifiki.

Siku zikaenda. Mayu alininywesha uji, nusu unashuka tumboni, nusu unatoka pembeni mwa mdomo. Mara nyingine unanipalia mpaka macho yananitoka. Nilipata kidonda nyongani kwa kulala upande mmoja, kikaanza kunuka, nzi wakakijua. Kisha ikaja homa. Nilikuwa nasikia kila neno linalosemwa ndani ya nyumba, lakini siwezi kujibu, na wao walidhani sisikii.

Mayu alimwambia baba, "Baba Kulwa, huyu nampeleka hospitali Mpanda."

"Ng'ombe wanahama kesho kutwa," baba akasema.

"Basi hameni."

Sikuwahi kumsikia mayu akimjibu baba namna hiyo. Nadhani hata baba hakuwahi, kwa sababu alitoka nje na hakurudi kubishana. Mayu aliita bodaboda. Niliwekwa katikati, dereva mbele, yeye nyuma, akatufunga wote watatu kwa kanga. Limi alibaki, maana ndiye aliyekuwa anachunga ndama. Njiani mguu wangu mfu ulichomoka ukaburuzwa barabarani, na hakuna aliyejua mpaka tulipofika mjini na kukuta kucha ya kidole gumba haipo. Mimi mwenyewe sikujua.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa kike. Alinivuta ngozi chini ya jicho, akamuuliza mayu, "Haya macho yana rangi hii tangu lini?"

"Tangu mdogo."

"Anaumwa mifupa?"

"Sana."

"Umewahi kupoteza mtoto, mama?"

Mayu aliwataja. Kulwa. Doto. Maganga. Aliwataja taratibu kama anawaita waje kula. Daktari aliacha kuandika, akamwambia pole, akanitoa damu.

Majibu yalisema nina selimundu. Daktari alitueleza hivi. Chembe za damu za mtu mwenye afya ni za mviringo na laini, zinapita popote. Zangu zinajikunja kama mundu wa kukatia mpunga, zinakuwa ngumu na zinakwama kwenye mishipa. Zikikwama kwenye mfupa, ndiyo yale maumivu. Kwangu zilikuwa zimeziba njia ya damu kichwani, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Hicho ndicho kiharusi. Nilidhani kiharusi ni cha wazee. Daktari alisema wazee wengi wanakipata kwa presha na sukari, na hata hayo huwa yanatembea kwenye ukoo, lakini mwenye selimundu anaweza kukipata akiwa mtoto kabisa.

"Mngemleta siku ile ile ingekuwa nafuu," alisema. "Sasa tutafanya tunachoweza."

Kisha akauliza, "Nyumbani yupo mtoto mwingine?"

"Yupo Limi," mayu akasema.

"Mleteni apimwe. Asikae mbali na hospitali."

Mayu alimpigia baba simu pale pale, mbele ya kitanda changu. Niliisikia sauti ya baba na kelele za ng'ombe nyuma yake. Walikuwa wameshaanza safari ya kwenda bondeni.

"Limi mzima," baba alisema. "Hapa anakimbiza ndama."

"Na Shija alikuwa analima asubuhi ile."

"Nyie mkae huko na sindano zenu. Mkimpima mtoto mkamwambia ni mgonjwa, nani atakuja kumwoa?" Simu ikakatika. Mayu akapiga tena, ikawa haipatikani.

Niliongezewa damu, watu wa Majengo ndio waliojitolea, mtaa wa hapo mjini anakoishi shangazi yangu, dada yake baba. Homa ilishuka. Lakini nilikuwa nimelala pale nikiwaza kitu kimoja tu, Limi anaanguka bondeni na hakuna mtu wa kumnyanyua kichwa. Nilijaribu kumwambia mayu wamfuate. Ilitoka "mmm, mmm." Mayu akaniletea beseni, akidhani nataka kutapika.

Shangazi naye alikuwa na lake. Alimletea mayu chakula, akakaa, akasema, "Wifi, usinikasirikie, lakini kwetu hakuna mtu mwenye macho ya njano. Hicho kitu umekuja nacho wewe. Kaka yangu angeoa kwingine angekuwa na watoto wengi." Mayu aliendelea kuninyoosha vidole kama alivyofundishwa. Machozi yake yalidondoka mkononi kwangu, kwenye mkono wa kulia, sikuyasikia. Niliyaona tu.

Baba alitokea baada ya siku chache, bila kutarajiwa, amembeba Limi mgongoni kama mtoto anayenyonya. Limi alikuwa mkubwa kwa kubebwa, miguu yake ilining'inia. Walikuwa njiani na ng'ombe, Limi akakaa chini akasema mifupa inamuuma, hawezi kuinuka. Mwili ulikuwa wa moto. Baba aliwaacha ng'ombe na vijana wa kuswaga porini, akarudi. Katika maisha yangu yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona baba anarudi alikotoka.

Limi alipimwa. Naye anao. Daktari alimwomba baba na mayu nao wapimwe, kisha akakaa nao karibu na kitanda changu.

Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Kwa hiyo daktari unasema ni mimi niliyewaua wanangu."

"Hapana, mzee. Hukujua, na mama hakujua. Nyie wawili ni wazima. Kila mmoja amebeba kitu kimoja cha ugonjwa huu kwenye damu yake, na kikiwa kimoja hakimfanyi mtu aumwe hivi. Mtoto akikichukua kwa baba na akakichukua kwa mama, vikawa viwili, ndipo anaugua. Mwingine anaweza asichukue hata kimoja. Haichagui, na kila mimba inaanza upya."

Baba akauliza, "Ng'ombe mweusi na dume jeusi wakizaa ndama mwekundu, ni jambo kama hilo?"

Daktari akasema, "Ndiyo, mzee. Ni kama hilo."

"Hilo nimeliona zizini mara nyingi," baba akasema. Aliitazama kofia. "Na sijawahi kuhama kwa sababu ya ndama mwekundu."

Mayu ndiye aliyelia. Alilia kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka. Alisema, "Tumewaacha wanangu peke yao kote huko." Baba hakumnyamazisha. Limi, kwenye kitanda cha pili, alijifunika shuka kichwani.

Baadaye, nyumbani kwa shangazi, mayu alimwambia kwa upole, "Wifi, na kaka yako naye wamemkuta nacho. Yeye kakipata wapi?" Shangazi akasema mboga inaungua, akaondoka. Hakukuwa na mboga jikoni.

Mimi nilibaki Majengo kufanya mazoezi. Sitawadanganya, ni kazi mbaya. Mtu mzima unafundishwa kumeza. Unashikwa na mama yako chooni. Unaokota punje za mahindi kwa mkono usiotaka, punje moja jasho mwili mzima. Kuna asubuhi nilijigeuza ukutani nikaomba nisiamke tena. Limi alikuwa anakuja kukaa miguuni kwangu. Anasubiri tu mpaka nigeuke, kisha ananinyooshea punje. Nilianza kusimama kwa kushika ukuta, nikaja kutembea. Mguu unaburuza hadi leo. Mkono wa kulia haujarudi na daktari anasema huenda usirudi. Maneno yamerudi, yanachelewa kidogo.

Ng'ombe wengi alipewa mdogo wake baba, akaenda nao bondeni. Baba alibaki na wachache, akajenga karibu na barabara ya Mpanda. Kila mwezi anatuleta kliniki mimi na Limi. Tunameza vidonge kila siku, tunakunywa maji mengi, tunalala kwenye chandarua. Limi bado anapata maumivu. Mwaka huu ameshalazwa, na wakati ule nilimsikia baba nje ya wodi akimuuliza nesi jambo moja mara tatu, kama vile jibu litabadilika.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mayu aliyesema basi hameni, na daktari, na wale wa Majengo ambao damu yao imo ndani yangu na siwajui majina. Namshukuru baba kwa kurudi.

Nyie wazazi mliokaa hapa kliniki, kama umezika mtoto zaidi ya mmoja, usiulaumu mji wala mke. Nendeni mkapime, wote wawili, na waliobaki wapimwe. Nyie vijana mnaotaka kuoana, pimeni kwanza, mjue mnachokibeba. Ukiona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki, usimchanje na usimsubirie kesho. Mpandishe chochote chenye magurudumu. Mimi siku zangu zilipotea kwenye chale, na mkono wangu ulipotelea humo.

Nesi aliniomba nije kuwaeleza haya mwenyewe. Nilishindwa. Watu wakiwa wengi ulimi wangu unarudi siku ile ya shambani. Kwa hiyo nimeandika, kwa mkono wa kushoto, kwa wiki nyingi. Huyu anayewasomea ndiye Limi. Hapa atataka kuruka, nimemwambia asiruke. Mtazameni. Macho yake ni ya njano, na amesimama.