Nani Alikoroga Aivari ya Trayanka

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko, na baridi ya kuuma masikio.

Siku hiyo jirani yangu Trayanka Kitanova aliitwa mbele ya bodi ya madaktari wanaoamua nani apewe pensheni ya ulemavu. Alikuwa ameshona kola za mashati katika kiwanda kimoja hapa mjini Shtip tangu alipomaliza shule, mpaka mishipa ya fahamu ikabanwa kwenye vifundo vya mikono. Alipasuliwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na tangu hapo kila alichokishika kilimdondoka. Kiwanda kikamwachisha kazi. Bodi ilikuwa imeshamkatalia mara moja. Hii ilikuwa rufaa ya mwisho. Akishindwa, ingembidi atafute tena kazi kwenye cherehani, ambayo hakuweza hata kuitia uzi.

Mimi nilikwenda kumbebea mafaili. Kwenye kiwiko alikuwa amening'iniza mfuko mwingine, ambao hakutaka niuguse.

"Humo mna nini?" nikamuuliza ngazini.

"Aivari. Chupa mbili."

"Trayanka, unakwenda kuwaambia huna mikono."

"Na niende mikono mitupu? Sikulelewa hivyo, jirani."

Kwetu mwanamke hupimwa kwa aivari yake. Pilipili hoho nyekundu huchomwa, humenywa moja moja, hukorogwa kutwa nzima mpaka mwiko usimame wenyewe, kisha hufungwa chupani kwa ajili ya majira ya baridi. Mwanamke kukiri kwamba yake imepikwa na mwingine, ni afadhali akiri ana chawa.

Ndani walikuwa wawili: Daktari Ristevski, mwenyekiti, mtu wa miwani na mafua, na Daktari Despina, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiandika. Ristevski alisoma karatasi zote bila haraka, kisha akampa Trayanka kifaa cha kuminya, cha kupimia nguvu za mkono. Mshale ulitikisika kidogo, ukarudi.

"Minya kweli, mama."

"Ndiyo naminya."

"Kila anayeingia hapa huminya hivyo hivyo," akasema Ristevski, akapenga kamasi. "Haya, tumemaliza."

Hapo ndipo Trayanka alipoinua kiwiko, akauteremsha mfuko mezani. Daktari Despina alichungulia, uso ukamchangamka.

"Aivari! Umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe, daktari. Haikuguswa na mkono mwingine."

"Kilo ngapi za pilipili?"

"Arobaini."

"Na kukoroga?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Ristevski alitoa chupa moja, akajaribu kufungua kifuniko. Akajaribu tena kwa kutumia pindo la koti lake. Kikagoma.

"Na hiki ulikifunga wewe?"

Trayanka alikitazama kifuniko. Nadhani ndipo alipoona alivyojinasa. "Mimi," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Mama Kitanova, karatasi zinasema huwezi kushika kijiko. Wewe unasema umekoroga kilo arobaini na kufunga chupa inayonishinda mimi. Nimwamini nani?"

Trayanka alinitazama. "Jirani, toka kidogo."

Nilitoka. Ukuta wao ni wa mbao, kwa hiyo nilimsikia akisema kwamba aliyekoroga ni wifi yake Verka, dada wa marehemu mumewe, anayekaa nyumba ya pili. Ristevski akajibu kwamba kila anayebanwa huwa na wifi. Basi mlango ukafunguliwa nikaitwa tena, maana ilibidi Verka apigiwe simu na Trayanka hakuweza kubonyeza namba. Nilibonyeza mimi, nikaweka spika.

"Wifi," Trayanka akasema, "waambie hapa, aivari yangu nani aliikoroga?"

"Wewe, wifi!" Verka akadakia. "Kwani nani asiyejua? Mikono ya dhahabu ile!"

Ristevski akaandika.

"Verka, sema kweli!"

"Kweli ndiyo hiyo. Nilikuapia kwenye kaburi la kaka, sisemi zaidi hata nichinjwe."

"Nimekufungulia kiapo! Wananinyima pensheni!"

Kisha Verka akavuta pumzi, tukaisikia sote.

"Haya! Mwaka wa tatu huu nakoroga mimi! Yeye kakaa kitini kama jenerali: wifi chumvi, wifi moto, wifi unakoroga kinyume! Mwiko hawezi kuushika. Kahawa anainywa kwa mrija. Namchana nywele, namfunga sidiria, na mgeni akija, eti karibu uonje aivari yangu! Halafu mtaa mzima unasema yake ni tamu kuliko yangu. Sufuria ni moja! Sufuria ni ile ile!"

Daktari Despina aliinamisha kichwa mezani kuficha kicheko.

"Sidiria unamfunga tangu lini?" Ristevski akauliza.

"Tangu alipopasuliwa mkono wa pili. We kaka ni nani?"

"Daktari wa bodi."

"Mungu wangu. Basi ya sidiria usiandike."

"Nimeshaandika," akasema Ristevski. Alisaini, Despina akasaini, na mhuri ukagongwa. "Pensheni utapata, mama. Barua itakuja kwa posta. Chupa zako chukua, haturuhusiwi zawadi."

Tulipofika kwenye daraja, garini mwangu, Trayanka aliniuliza:

"Mkeo utamwambia?"

"Ataniuliza."

Akatazama mto. "Basi mwambie. Lakini ya chumvi usiisahau. Kipimo ni changu."

Tangu Trayanka alipopasuliwa, Verka alikuwa akimvalisha ndani ya nyumba, pazia limeshushwa. Asubuhi iliyofuata, watu wakiwa kwenye foleni ya mkate, Trayanka alitoka mpaka getini koti likiwa wazi, akaita, "Wifi! Njoo unifunge!"

Verka alikuja amevaa ndara. Alianza na kifungo cha chini, na alipofika shingoni kimoja kikabaki bila tundu.

"Umeruka."

"Sijaruka, umenenepa."

Akavifungua vyote, akaanza upya.