Upande wa Chini wa Sanduku

"Wewe unavuta au unaning'inia?" mkewe alimuuliza kutoka chini, sauti ikipenya ubavuni mwa sanduku, maana uso wake haukuonekana.

Winchi, aliyekuwa juu, akajibu kwamba anavuta, tena kwa nguvu zake zote, na kama kuna mtu anayechelewesha kazi basi atafutwe kwingine. Walikuwa wamefika ngazi ya sita, bado nane kukifikia chumba cha juu. Sanduku lilikuwa la mbao, refu na nene, limeshiba mablanketi ya ukoo mzima. Mkewe alikuwa amebeba mizigo tangu usichana, watoto wakiwemo, lakini leo alihema kama mashine ya kusaga iliyokosa mafuta.

"Hebu tulitue," akasema. "Kuna jambo hapa."

Wakalitua. Akajipenyeza ukutani, akapanda hadi alipokuwa mumewe, akamwamuru ashuke wabadilishane. Winchi akasema hakuna haja. Akasema huku juu si mahali pa mwanamke. Akasema ngazi ni nyembamba. Mwishoni akashuka.

Waliponyanyua tena, mkewe alijikuta amelishika sanduku kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Chini kule Winchi alikuwa ametoa macho kama mtu aliyemeza ufunguo.

"Kumbe," mkewe akasema. Neno hilo moja tu, na Winchi akajua amekwisha.

Ni lazima ieleweke huyu Winchi alikuwa nani. Alikuwa mbeba samani, na hilo jina la mashine ya kunyanyulia mizigo hakupewa bure. Watu walisimulia kwamba aliwahi kupandisha friji ghorofa ya nne mwenye friji akiwa ndani yake anatafuta maji baridi. Kwa miaka ishirini alishika upande wa chini, na kila mbeba samani anajua sababu. Kabati likiwa sakafuni, wawili hugawana sawasawa. Likiinamishwa kwenye ngazi, mwili wake huulalia upande wa chini, na sehemu kubwa ya uzito humwangukia aliye kule. Wa juu kazi yake ni kuliongoza tu lisiyumbe. Ndiyo maana chini palikuwa mahali pa mkubwa wa kazi, na mgeni huanzia juu.

Kisha mgongo ukaanza kumsaliti, na hakumwambia mtu, hata huyu anayelala naye kitanda kimoja. Mwaka huohuo mume wa binti yake, baba wa watoto wawili na fundi saa ambaye watu walikuwa wameacha kumletea saa, akaja kuomba kazi. Winchi alimpokea vizuri, akamwonea huruma kwa vidole vyake vyembamba, kisha akamwambia uongo. Alimwambia juu ndiko kwenye kazi, maana unabeba na kuvuta kwa mpigo mmoja. "Wewe bado mgeni, mwanangu. Kaa chini. Mimi nitaumia huku juu." Mkwe akamshukuru.

Juma lililopita walipandisha kabati la milango mitatu. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu mkwe aliomba wapumzike. Winchi, ambaye hakuwa amechoka hata kidogo, akasema bado ngazi nne. Mikono ya mkwe ikaachia. Na kitu kizito kikishaanza kushuka hakisikii maombi. Winchi alishikilia kishikio akaburutwa nacho kama mkia, hadi ukuta ulipolisimamisha kabati, kioo kikiwa vipande na kidole gumba cha mguu wa mkwe kikiwa chini yake.

Wabebaji wenzao walipokusanyika, Winchi aliogopa mmoja asije akauliza nani alikuwa wapi. Akawahi kusema kwamba vijana wa leo wana mikono ya sponji. Wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo mkwe anaitwa Sponji, na binti naye analisikia jina hilo mumewe akipita.

Yote hayo mkewe aliyatoa kinywani mwa Winchi moja moja, pale pale ngazini, sanduku likiwa limetuliwa tena, kama anayechomoa miiba.

"Na alipokuja na mguu umefungwa akakuomba radhi," akasema, "ulimwambiaje?"

Winchi akaangalia kufuli ya sanduku. Uso ulimwaka kama aliyefunua sufuria karibu mno. Angeweza kuuvumilia uongo. Angeweza kukivumilia hata kicheko.

"Nilimwambia nimemsamehe."

Mkewe, ambaye hata usingizini huwa anaongea kwa sauti kubwa, akaegemea sanduku. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba leo mkwe anakuja kurudisha mkanda wa kubebea na glavu. Anaacha kazi. Amemwambia binti yao kwamba mikono yake haifai kwa lolote, saa wala kabati.

"Utamwambia."

"Nitamwambiaje mkwe wangu, mama watoto? Nianzie wapi?"

"Anzia chini. Na ukishindwa nitamwambia mimi, na unajua mimi nikisimulia jambo huwa naliongezea. Nitasema ulikuwa umekaa juu ya kabati unakunywa chai, nitasema—"

Mlango ukasukumwa. Mkwe aliingia akichechemea, ndala mguu mmoja, kiatu mguu mwingine, mkanda umekunjwa vizuri mkononi pamoja na glavu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Wakaitikia marahaba, kila mmoja kwa wakati wake. Mkwe akalitazama sanduku lililokwama katikati ya ngazi, akamtazama mama mkwe kule juu, akaweka vitu vyake sakafuni upesi.

"Mama, shuka nikupokee, huko juu ndiko kwenye uzito," akasema, akiwa ameshaanza kupanda, akipita kwa adabu bila kumgusa baba mkwe. "Baba, wewe kaa hapo hapo chini. Leo nami niumie kidogo."

Mke wa Winchi akashuka, macho yake hayakumwacha mumewe hata hatua moja. Kijana akajipanga, akashika kishikio cha juu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kung'oa nyumba.

Winchi alishika cha chini, akainamisha kichwa, akasubiri kijana anyanyue.