Fundi wa Vioo Aliyepiga Mluzi

Wasomaji wangu, wiki hii hapa Kamembe tumemzika fundi mmoja wa vioo vya magari, na nakiri kwamba tangu nipate habari hiyo nimecheka kuliko nilivyolia. Alikuwa Mwislamu mnyoofu, mkali wa adabu, na jambo moja hakulivumilia kamwe karakanani kwake: mluzi. Ukipiga mluzi pale, unaambiwa unamwita shetani, na gari lako linarudishwa mwisho wa foleni. Sasa nisikilizeni.

Miaka ile ya vita vya Congo, kabla sijashika kalamu, niliendesha pikapu kuukuu iliyozaliwa kabla yangu. Kila alfajiri nilishuka Nkanka kuwachukua akina mama wenye sambaza, vile visamaki vya ziwani, na kuwafikisha kwenye daraja la mpakani la Rusizi II, wavuke kwenda kuuza Bukavu, upande wa Congo. Kila mlango ulikuwa na vioo viwili: kikubwa cha kushusha, na mbele yake kidirisha cha pembetatu cha kuzungusha ili kuleta upepo. Mpira wa vidirisha hivyo ulikuwa umekwisha. Mvua ilinilowesha magoti, na kwenye mteremko upepo ulipiga mluzi uliosikika hadi ziwani. Nikamwomba fundi aniondolee aibu hiyo. Aling'oa vidirisha na nguzo zake, akachora kipimo kwenye katoni ya sabuni, akakata kioo kimoja kizima kwa kila mlango. Kimya! Nilijiona waziri. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kesho yake mpaka ulifunguliwa baada ya kufungwa siku nyingi. Nilishuka Nkanka kwa madaha, sikumkuta mtu, nikarudi. Mchana mama mmoja, kiongozi wa wenzake, alitukuta karakanani akiwaka. “Papa, ulipitia wapi? Siye tulikuwa ndani tunangoja mluzi! Sambaza zimeoza, batoto batakula nini?” Miaka ile hakuna aliyesimama barabarani bila sababu, na honi ingewafanya wajifungie zaidi, wakidhani ni askari. Ubovu wa gari langu ndio uliokuwa kengele yao. Na hakuna aliyejua daraja lingebaki wazi siku ngapi.

Vidirisha havikuweza kurudi. Fremu zake alikwisha kuzikata. Fundi aliweka chini kisu chake cha almasi cha kukatia vioo. “Kioo yangu haina makosa, Maman,” akasema. “Lakini ile sauti ni miye niliitoa. Kesho nitairudisha.” Alfajiri alitoka msikitini moja kwa moja, akaketi kando yangu na kofia yake, akashusha kioo chake kipya, akanong'ona “Astaghfirullah,” akapiga mluzi. Ee bwana, kumbe alijua! Aliupiga mteremko mzima, mashavu yamevimba, na milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Akina mama walitoka na mabeseni yao wakicheka hata wakashindwa kupanda. Alifanya hivyo kila siku, mpaka walipouzoea mlio wa injini.

Wiki hii, msibani kwake, niliwakuta akina mama wale wamefika kabla yangu. Yule mama, sasa bibi, akanishika mkono. “Leo tulikuya bila mluzi, Papa.” Hapo nikalia. Mafundi wa kuondoa kasoro tunao wengi, tena wenye mashine nzuri kuliko kisu chake cha almasi. Lakini ukitengeneza kitu cha mtu, uliza kwanza nani mwingine alikitegemea, hata kwa ubovu wake. Na ukigundua umemkosesha riziki, usikae kuitetea kazi yako. Panda gari, ukapige mluzi.